Mfuko wa kufulia unaonasa nyuzi za plastiki: tathmini ya miezi minne, kwa kipimo cha kasa

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikifua nguo zangu zote za polyesta, nailoni na akriliki ndani ya mfuko wa kunasa nyuzi za plastiki. Niliununua kwa ajili ya kasa. Kwenye boksi lake hakuna picha ya nguo wala ya mashine ya kufulia. Kuna mtoto wa kasa anayeogelea katika maji maangavu, na chini yake ahadi kwamba kila unapofua kwa mfuko huu unamkinga dhidi ya maikroplastiki. Kwa kuwa mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyemleta kasa katika biashara hii, naona ni haki kuupima mfuko kwa kipimo hicho hicho: je, unachokinasa ni kitu ambacho kweli kingemfikia kasa, na je, kikishanaswa, kweli hakimfikii tena? Jina la kampuni nimeliacha, maana mifuko ya namna hii hutengenezwa na kampuni kadhaa, na mengi nitakayoyaeleza yanahusu aina ya kifaa kuliko nembo iliyobandikwa juu yake.

Mfuko ni mweupe, mwepesi, umeshonwa kwa kitambaa cha nailoni kinachoteleza mkononi, na una zipu upande wa juu. Ukiuinua mbele ya dirisha unaona mwanga ukipenya, ila matundu yenyewe hayaonekani kwa macho, kwa kuwa upana wake, kwa maelezo ya mtengenezaji, ni maikromita 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita. Maji na sabuni huingia na kutoka, na nyuzi zinazokatika nguoni hubaki ndani. Hata hivyo ni vyema mnunuzi ajue tangu mwanzo kwamba uzi wa polyesta, kwa unene wake, mara nyingi ni mwembamba kuliko tundu hilo. Ukija kwa ubavu hukwama, lakini ukija kwa ncha huweza kupenya. Kwa hiyo mfuko huu hupunguza nyuzi, haumalizi, na hilo halikuandikwa popote kwenye boksi.

Mara ya kwanza niliweka ndani yake blanketi jeusi la flisi pamoja na suruali mbili za michezo, nikafunga zipu hadi mwisho na kuendesha mashine kwa maji baridi. Nilipoutoa mfuko sikuona chochote, na kwa siku nzima niliamini kwamba nimedanganyika. Siku iliyofuata, ulipokuwa umekauka kabisa, niliugeuza ndani nje, nikakuta kwenye pembe mbili za chini, pale mshono unapokunja, utando wa kijivu, laini kama sufi, uliojikusanya katika mstari wenye urefu wa kidole. Niliushika kwa kibano, ukatoka mzima kama utepe. Chini ya lenzi ya kukuzia utepe ule haukuwa vumbi hata kidogo: zilikuwa nyuzi mamia kwa mamia, nyingi nyeusi na chache za buluu, zimesokotana, baadhi zimejikunja kama nywele na baadhi zimenyooka kama sindano. Uzito wake haukuitikisa mizani ndogo ya jikoni. Huo ndio mzigo wa kufua mara moja tu, wa blanketi moja na suruali mbili, na blanketi lile lilikuwa limekwisha kufuliwa kwa miaka mitatu bila mfuko wowote.

Plastiki yenye kipimo cha chini ya milimita 5 ndiyo inayoitwa maikroplastiki. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walipoandika kuhusu chembe za plastiki walizozikuta katika mchanga wa fukwe na katika maji ya bahari, nyingi kati yake zikiwa nyuzi. Mwaka 2016 Imogen Napper na Thompson walipima kinachotoka kwenye mashine yenyewe, wakaona kwamba kilo 6 za nguo za akriliki zinaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 zikifuliwa mara moja. Mitambo ya kusafisha majitaka huzuia sehemu kubwa ya nyuzi hizo, lakini hata kinachopita ni kingi mno: utafiti uliochapishwa mwaka huo huo kuhusu mtambo mmoja wa Uskoti ulikadiria kuwa, ingawa mtambo ulizuia zaidi ya asilimia 98 ya chembe, takriban chembe milioni 65 ziliingia mtoni kila siku. Na pale ambapo hakuna mtambo, maji ya kufulia hufuata mfereji, mfereji huishia mtoni, na mto huishia baharini.

Swali langu la kwanza, basi, lina jibu, na jibu lenyewe linasikitisha. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Emily Duncan wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha matokeo ya kuchunguza matumbo ya kasa 102 waliokufa, wa spishi zote 7 za kasa wa baharini, kutoka Atlantiki, Pasifiki na Mediterania. Kila mmoja, bila kumwacha hata mmoja, alikutwa na chembe za sintetiki tumboni. Walihesabu chembe zaidi ya 800, na hizo zilitoka katika sehemu tu ya utumbo wa kila kasa. Walikadiria kuwa hesabu ya utumbo mzima ingeweza kufikia takriban mara 20 ya hiyo. Aina iliyoongoza kwa wingi ilikuwa nyuzi, za namna ile inayotoka kwenye nguo, vichungi vya sigara, kamba na nyavu. Niliposoma hayo niliurudia utepe wangu wa kijivu, ambao nilikuwa nimeuhifadhi ndani ya chupa, nikauangalia kwa muda mrefu. Sikuweza tena kuuona kuwa ni uchafu wa nguo tu.

Jinsi uzi unavyomfikia kasa inategemea anachokula. Kasa wa kijani aliyekomaa hula majani ya bahari na mwani, na nyuzi hunata juu ya majani hayo. Ng'amba hula sifongo, viumbe ambao wenyewe huishi kwa kuchuja maji. Kasa mkubwa wa ngozi hula yavuyavu. Na watoto wa kasa, wakishavuka mawimbi ya ufukweni, hukaa miaka wakielea kwenye mistari ya mwani ambako mikondo ya bahari hukutana, na mikondo hiyo hiyo ndiyo inayokusanya plastiki. Isitoshe, plastiki iliyokaa baharini huota utando wa vijidudu na mwani, na utando huo una harufu. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani waliwapelekea kasa 15 wachanga harufu mbalimbali juu ya maji ya tangi. Kasa wale waliitikia harufu ya plastiki iliyoota utando sawasawa na walivyoitikia harufu ya chakula, ilhali plastiki safi haikuwavuta. Ni makosa, basi, kudhani kwamba kasa hudanganywa na macho peke yake. Na akishameza, kurudisha ni kazi ngumu, kwa sababu umio wake umejaa miiba iliyoelekea tumboni, iliyoumbwa ili aweze kumwaga maji ya chumvi huku chakula kikibaki. Umbo lililomfaa kwa zaidi ya miaka milioni 100 sasa linamzuia kutema kitu ambacho hakikuwapo hadi karne iliyopita.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kijitabu kilichokuja ndani ya boksi. Kijitabu kinasema kwamba kasa aliyemeza kipande kimoja tu cha plastiki ana uwezekano wa asilimia 22 wa kufa kwa sababu hiyo, na kwamba vipande 14 huufikisha uwezekano huo kwenye asilimia 50. Takwimu hizo ni za kweli. Zilichapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Australia waliochunguza kasa waliokufa. Lakini zinahusu vipande vinavyoonekana kwa macho, kama mifuko, puto, kamba na vigae vya plastiki ngumu, vitu vinavyoziba utumbo au kuutoboa. Uzi wa milimita 2 hauzibi utumbo wa kasa. Kwa kawaida unaweza kupita na kutoka pamoja na kinyesi. Madhara yanayohofiwa kwa nyuzi ni ya namna nyingine, ya polepole: rangi na kemikali zilizotiwa kiwandani, vichafuzi vinavyogandia plastiki kutoka majini, na vijidudu vinavyosafiri juu yake. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha kabisa kumfanya mtu anunue mfuko. Kumtisha kwa takwimu za jambo jingine si haki kwake wala kwa kasa, na ninaogopa kwamba mnunuzi atakayegundua tofauti hiyo ataacha kuamini hata yale yaliyo kweli.

Vivyo hivyo kuna madhara ambayo mfuko wa kufulia hauyagusi. Watafiti waliochimba fukwe za kutagia kasa huko Saiprasi walikuta maikroplastiki hadi kina cha sentimita 60, kina kile kile ambacho mayai hulazwa. Plastiki ikichanganyika na mchanga hubadilisha jinsi mchanga unavyopitisha maji na joto, na kwa kasa joto la kiota ndilo linaloamua jinsia ya watoto: mchanga wenye joto zaidi huleta majike, wenye ubaridi huleta madume. Chembe zilizokutwa huko kwa wingi ni mabaki ya plastiki ngumu, si nyuzi za blanketi.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Ukurasa wa pili wa kijitabu, chini ya kichwa cha utunzaji, unamwambia mnunuzi ausuuze mfuko kwa maji safi baada ya kila matumizi kabla ya kuuhifadhi. Nilitii. Kwa wiki tano za mwanzo, isipokuwa ile mara ya kwanza nilipoutazama kwa udadisi, niliugeuza mfuko ndani nje juu ya sinki na kuufungulia bomba, nao ukatoka mweupe na safi kama siku nilioununua. Siku moja nilisimama na mfuko ukidondosha maji mkononi nikajiuliza kile kijivu cha pembeni kimekwenda wapi, na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, kwenye tundu la sinki. Bomba la sinki na bomba la mashine huungana chini ya sakafu na kuwa bomba moja. Kila kilichonaswa kwa wiki tano nilikuwa nimekiachilia mimi mwenyewe, dakika chache baadaye, katika njia ile ile. Lilikuwa jambo la kuumiza, na kosa halikuwa langu peke yangu. Mtu anayeuza kifaa kwa jina la kasa anapaswa kujua kwamba kazi nzima ya kifaa hicho inategemea hatua hiyo moja.

Tangu hapo ninafuata utaratibu mwingine. Nguo zikitoka, mfuko ninauanika wenyewe ndani ya nyumba, mahali pasipo na upepo, hadi ukauke kabisa, kwa sababu nyuzi zikiwa zimelowa hung'ang'ania kitambaa na zikikauka hujiachia na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Kisha ninaugeuza juu ya gazeti, ninakusanya utando kwa vidole au kwa kipande cha utepe wa kunata, na kuutia kwenye chupa yenye kifuniko. Chupa ikijaa inakwenda kwenye taka zinazozolewa, ikiwa imefungwa, ili nyuzi zisipeperuke njiani. Si dawa kamili, maana taka nayo ina safari yake, lakini nyuzi zilizofungwa chupani ziko mbali na bahari kuliko nyuzi zilizomo ndani ya maji yanayotiririka. Baada ya kubadili utaratibu, wingi wa kinachopatikana umenishangaza: sweta mpya ya akriliki ilitoa donge la ukubwa wa jicho la samaki mara ya kwanza, nusu yake mara ya pili, na kufikia mara ya sita ilikuwa imebaki na kiduchu tu. Nguo mpya hutoa nyuzi nyingi zaidi katika mara za mwanzo, na kwa mwenye kuutumia mfuko kwa kuchagua, hapo ndipo pa kuanzia.

Kuhusu nguvu ya mfuko wenyewe, kipimo huru kipo. Mwaka 2020 Napper, Thompson na mwenzao walilinganisha vifaa sita vya kunasa nyuzi. Kichujio kimoja cha kufungwa kwenye bomba la kutolea maji kilipunguza nyuzi kwa asilimia 78, mfuko kwa asilimia 54, na mpira wa kutumbukiza pamoja na nguo kwa asilimia 31. Nusu na ushei si haba kwa kitambaa kisichohitaji fundi wala umeme, na mpangaji asiyeruhusiwa kugusa mabomba ya nyumba atapata hapo njia iliyo karibu naye kuliko zote. Mwenye mashine yake mwenyewe na uwezo wa kufunga kichujio, ninamshauri afunge kichujio. Ufaransa ilipitisha mwaka 2020 sheria inayotaka mashine mpya ziwe na njia ya kunasa nyuzi kuanzia mwaka 2025, na naona huko ndiko mahali sahihi pa mzigo huu, kwa anayetengeneza mashine.

Katika matumizi ya kila siku mfuko una tabia zake. Ukiujaza zaidi ya nusu, nguo hazizunguki, sabuni ya unga hubaki imeganda kwenye mikunjo, na jasho la nguo za michezo halitoki. Sabuni ya maji hufanya kazi vizuri zaidi. Nguo yenye matope usiiweke humo hata kidogo, kwani matope huziba matundu na kuigeuza kazi ya kuondoa nyuzi kuwa mateso. Wakati wa kukamua, mfuko mmoja mzito hujikusanya upande mmoja na mashine hutikisika. Niliutatua mtikisiko huo kwa kuweka taulo za pamba nje ya mfuko ili kusawazisha uzito. Zipu imevumilia vizuri. Mshono wa pembe ya kulia, kwa bahati mbaya, ulianza kuachia mwezi wa tatu, na pale ulipoachia niliona nyuzi za nailoni za mfuko wenyewe zikichomoza. Mfuko huu ni plastiki, na siku utakapochakaa utaanza kutoa kile ulichonunuliwa kukizuia; kwa hiyo ukague mishono kila mwezi, na ukianza kufumuka uache kuutumia mara moja. Kwa kifaa kilichoahidiwa kudumu miaka, miezi mitatu ni michache mno.

Wapo watakaouliza kama wanauhitaji kabisa. Anayefua kwa mikono tayari anatoa nyuzi chache kuliko mashine, hasa akiepuka kusugua kwa ubao au brashi ngumu, na ningemshauri asinunue. Kwa mwenye mashine, namna ya kufua ina uzito sawa na mfuko: maji baridi, mzunguko mfupi na mashine iliyojaa ipasavyo hupunguza nyuzi, ilhali ule mzunguko unaoitwa wa nguo laini, ambao wengi huuchagua wakidhani unahurumia kitambaa, hutumia maji mengi kwa nguo chache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walionyesha mwaka 2019 kwamba maji hayo mengi ndiyo yanayozing'oa nyuzi, kwa wastani 800,000 zaidi kuliko mzunguko wa kawaida wenye maji machache. Nilikuwa nikitumia mzunguko huo kwa blanketi langu la flisi. Siutumii tena, na ninalifua pale tu linapohitaji kufuliwa.

Kwa hayo yote ninaupendekeza mfuko huu kwa anayefua kwa mashine nguo nyingi za sintetiki na yuko tayari kusubiri siku moja ukauke kabla ya kuusafisha. Mtengenezaji nimemwandikia mara mbili kuhusu ukurasa wa pili wa kijitabu. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa shukrani za jumla. Ya pili haijajibiwa. Mwezi uliopita nilimnunulia mama yangu mfuko kama huu, na kijitabu ndani ya boksi kilikuwa kile kile, na sentensi ile ile ya kusuuza. Kabla ya kumkabidhi niliikata sentensi hiyo kwa kalamu, nikaandika pembeni: Mama, usiusuuze, usubiri ukauke kwanza.